Maji ya fedha, weupe wa pipi na tumbo la mtoto

Tulipomaliza mazungumzo ya afya Ngamiani, Tanga, bibi mmoja alinifuata na chupa ndogo ya kahawia. "Daktari, haya maji ya fedha nimeambiwa yanaua kila kijidudu tumboni. Nimpe mjukuu?" Nikamjibu pale pale: shikamoo bibi, usimpe, na wewe usiyanywe.

Maji hayo yana chembe za madini ya fedha zinazopimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ya nano haizidi 100. Hatari iko kwenye udogo huo. Pete ya fedha hukaa kidoleni miaka isidhuru kitu, lakini fedha iliyosagwa hivyo huguswa na asidi ya tumbo kila upande, ikayeyuka na kuingia kwenye damu. Ikifika kwenye ngozi, mwanga wa jua huitia weusi, kama ulivyofanya kwenye filamu za picha za zamani. Anayeyanywa muda mrefu anaweza kugeuka kijivu chenye ubuluu usoni na kwenye kucha, na rangi hiyo haitoki tena. Tena yanaweza kuzuia baadhi ya antibiotiki na dawa ya tezi ya shingoni zisifyonzwe vizuri. Faida? Hakuna ugonjwa uliothibitika kutibiwa kwa kuyanywa.

Kilichoenea zaidi majumbani ni dioksidi ya titani, unga mweupe unaong'arisha pipi, bigijii, vidonge na dawa ya meno. Sehemu ya chembe zake ni za nano. Kwenye chakula tafuta maandishi E171, kwenye dawa ya meno CI 77891. Karibu yote hutoka na choo, ila kidogo kinachofyonzwa huchelewa kutoka mwilini na kinaweza kujilimbikiza. Mwaka 2021 wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema hawawezi tena kuiita salama, maana uwezekano wa kudhuru vinasaba haukuweza kuondolewa. 2022 ikapigwa marufuku kwenye chakula huko. Marekani bado inairuhusu, isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Mimi niko upande wa tahadhari, hasa kwa watoto: mwili mdogo, pipi nyingi.

Kupiga mswaki msiache, tafadhali. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 atumie dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi. Aliye chini ya hapo, punje ya mchele. Simama naye mpaka ateme, kwani yenye ladha ya matunda wengi huimeza kama pipi.

Mjukuu wa yule bibi, mwenye miaka miwili, alikuwa akiharisha tangu jana yake. Tulimpeleka kituo cha afya, akapewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. Zinki nayo ni madini, lakini kipimo chake kinajulikana: yeye aliandikiwa miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14.