Kura ya Kisiwa Ina Uzito Gani Umoja wa Mataifa?

Tangu Mahkama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni yake ya ushauri kuhusu mabadiliko ya tabianchi, tarehe 23 Julai 2025, afisi yetu imekuwa ikipokea maswali mengi, hasa ya vijana wa Pemba ambao wazee wao wana mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Wanauliza vipi Vanuatu, nchi ya visiwa ya Pasifiki yenye watu wapatao laki tatu, iliweza kuzishitaki nchi kubwa. Haikuzishitaki. Maoni ya ushauri hayana mshitakiwa wala fidia ya kulipwa, na tungeomba hili lielezwe hivyo hata barazani.

Ilichofanya Vanuatu ni kulitumia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako kila mmoja wa wanachama 193 ana kura moja, awe China au Tuvalu. Wazo liliibuliwa mwaka 2019 na wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini. Azimio la kuiomba Mahkama maoni hayo likapita tarehe 29 Machi 2023 bila kupigiwa kura, likiwa na waungaji mkono zaidi ya 130. Katikati hapo palikuwa na kazi ya kuchosha ya kuandika rasimu, kubadilisha neno moja moja na kubisha mlango wa kila ubalozi. Wanaodhani kura hizi hununuliwa tu hawajawahi kuiona rasimu ikirudi kwa mara ya kumi. Mauritius nayo ilipata kura 116 dhidi ya 6 kwa azimio la kuitaka Uingereza iondoke visiwa vya Chagos mwezi Mei 2019, na miongoni mwa hizo sita zilikuwemo za Uingereza na Marekani.

Haki hiyo ya kura moja, hata hivyo, huweza kupotea. Kwa Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, mwanachama ambaye deni lake la michango limefikia au kuzidi kiwango cha miaka miwili kamili hapigi kura katika Baraza Kuu, isipokuwa Baraza likiridhika kwamba ameshindwa kulipa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Jirani zetu wa Komoro wameruhusiwa kwa njia hiyo mara kadhaa. Ruhusa huombwa kwa maandishi, hupitia Kamati ya Michango, ina muda maalumu na haifuti deni.

Kwa wanaouliza kuhusu kura ya Zanzibar yenyewe, iliyopokelewa uanachama tarehe 16 Disemba 1963 na kuwa na kiti chake hadi Muungano wa Aprili 1964, jibu letu ni moja: mambo ya nje ni jambo la Muungano, na kujadili zaidi ya hapo si kazi ya afisi hii. Lakini hoja ya nchi hujengwa kwa ushahidi wa mashamba, na mara nyingi tunaletewa malalamiko yasiyo na tarehe. Mwenye bonde lililoharibika tunamshauri aandike siku maji yalipoingia, ukubwa wa eneo na mavuno ya kabla na baada, kisha nakala moja aipeleke kwa sheha na nyengine abaki nayo.