Bwawa la uani limegeuka kijani: anza na kopo la chakula, kisha kivuli

Saa 11 na nusu alfajiri ndiyo saa nzuri ya kumtembelea mfugaji wa samaki, ingawa wengi hushangaa afisa ugani akigonga geti muda huo. Mchana bwawa hudanganya.

Katika nyumba moja nje kidogo ya mji wa Dodoma, mzee mstaafu aliniongoza kwa tochi hadi kwenye bwawa lake la uani: mita 4 kwa 3, limetandikwa nailoni nzito, kina chake kama sentimita 60, wala hakuna mti wowote karibu. Maji yalikuwa ya kijani na mazito kama mlenda. Perege wake, kama 60 hivi, walikuwa juu wote, midomo nje, wanatweta. "Mwanangu, ungekuja mchana ungewaona wanavyocheza," aliniambia. Nilimwamini. Shida yake ilikuwa ya usiku.

Ule ukijani ni mwani, mimea midogo mno ambayo huwezi kuiona mmoja mmoja, ila ikiwa mingi hugeuza rangi ya maji. Kukiwa na jua hutengeneza oksijeni, ndiyo maana saa 9 alasiri bwawa la kijani huwa nayo tele. Giza likiingia mwani nao huivuta, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini, na akiba hupungua usiku kucha hadi kufika chini kabisa karibu na macheo. Joto huongeza balaa. Usawa wa bahari, maji baridi ya nyuzi 20 yakishiba oksijeni hushika miligramu 9 hivi kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu, na Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ni pungufu hata ya hapo.

Hata hivyo, si kila kijani ni adui. Perege hula mwani, na mfugaji wa kitoweo anayetaka maji meupe kama ya chupa anajinyima chakula cha bure. Kipimo changu ni mkono. Uzamishe taratibu ukiwa umenyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, mwani unatosha. Kikipotea mapema, umezidi. Cha mzee kilipotea maji yakiwa hayajapita kifundo cha mkono. Mwenye samaki wa mapambo ana haki ya kutaka maji angavu, maana hawafugi ili awale, anataka kuwaona.

Nilimwomba mzee anionyeshe anachowalisha. Akaja na kopo la pumba za mahindi zilizochanganywa na dagaa, kama nusu kilo, akasema ni moja asubuhi na moja jioni. Tukapiga hesabu pale pale kwenye ukingo. Samaki 60 wa gramu 150 kila mmoja ni kilo 9. Perege wa umri huo huhitaji takribani asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 270. Yeye alikuwa anamwaga kilo nzima. Zaidi ya gramu 700 zilikuwa zinazama kila siku, zinaoza na kuachia naitrojeni na fosforasi, mbolea ile ile tunayowekea mahindi. Juu kuna jua la Dodoma. Mwani utakosaje kustawi?

Kwa hiyo kivuli ni cha pili. Ukifunika bwawa huku kopo halijapungua, utakuwa umehamia tatizo lingine: mwani utapungua, na uchafu utaendelea kula oksijeni bila wa kuirudisha mchana. Toa chakula kidogo kidogo, simama uangalie, na kikibaki juu ya maji baada ya dakika 10, kesho punguza. Samaki wakitweta alfajiri, usiwalishe kabisa mpaka jua lipande na wao watulie.

Sasa kivuli chenyewe. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa nchi za mbali na ikweta, ambako jua hukaa upande mmoja na ukuta au mstari wa miti unatosha. Huku kwetu jua liko utosini. Dodoma hupita juu kabisa ya kichwa mwanzoni mwa Machi na tena takribani tarehe 8 Oktoba. Hata Juni, linapoegemea kaskazini kuliko wakati wote, ukuta wa mita 2 saa 6 mchana hutupa kivuli cha mita 1 na kidogo tu, upande wa kusini. Desemba kivuli hicho huhamia kaskazini na kubaki kama sentimita 60. Ukuta hautakusaidia. Kivuli lazima kitoke juu, kisha kiongezwe kidogo upande wa magharibi kukata jua la alasiri, ambalo hukuta maji yameshapata moto.

Kwa mzee tulisimamisha mirunda minne, tukavuta waya, tukatandaza neti nyeusi ya kivuli, ile ya wauza miche, kwenye kimo cha mita 2 ili upepo upite. Tulifunika nusu ya bwawa tu. Kwa perege huwa sipendi kuzidi hapo. Kwa samaki wa mapambo unaweza kufika theluthi mbili. Neti ina faida nyingine isiyosemwa sana: mdiria, ndege mla samaki, hawezi tena kushuka moja kwa moja kama mshale.

Anayetaka kivuli cha mmea apandishe dodoki au pasheni juu ya kichanja. Zabibu, ambayo kila mtu Dodoma huifikiria kwanza, sishauri, kwa sababu hupuliziwa dawa za ukungu, baadhi zikiwa na shaba, na matone yake yataishia majini. Mwembe unaoinamia bwawa utakupa kivuli na gunia la majani ya kuokota. Uangalieni pia uzio wa mnyaa: utomvu wake ni sumu kwa samaki, na ukipogoa, matawi yasidondokee majini. Utupa, mmea unaotumiwa kulevya samaki ili wavuliwe, usipandwe karibu kabisa.

Ndani ya maji, yungiyungi ni mzuri, majani yake yakifunika hadi nusu ya uso. Gugu maji usilete hata kama maua yake yanapendeza. Waulize wa Ziwa Victoria.

Mzee alikuwa na swali moja ameliweka akiba. Akatoa mfuko mdogo mfukoni: mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Jirani alimwambia kijiko kimoja kinamaliza kijani chote. Ni kweli kinamaliza. Mwani wote hufa kwa mara moja, ukaoza kwa mara moja, na usiku huo oksijeni ikaenda nao. Isitoshe, shaba yenyewe hudhuru samaki, hasa katika maji laini yasiyo na chumvichumvi. Mfuko ule ulirudi stoo.

Badala yake tulichota robo ya maji tukamwagilia mchicha na migomba miwili iliyo karibu na geti. Hapo ndipo mbolea iliyozidi ilipopata mlaji. Tukajaza kwa maji ya bomba yaliyokuwa yamekaa siku 2 kwenye simtanki lenye mfuniko wazi ili klorini itoke. Alirudia kila wiki. Ile koga ya nyuzi iliyoshika kingo aliivuta kwa reki na kuitandaza shambani.

Kuna rangi moja isiyongoja ratiba hiyo: utando wa kijani unaoelekea bluu, unaelea kama rangi ya mafuta iliyomwagika na kunuka. Mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu. Zuia mbuzi, mbwa na watoto wasiguse maji hayo, wala usile samaki wa bwawa hilo, kisha mwite afisa uvuvi wa wilaya.

Wiki ya tano nilirudi, saa ile ile. Perege walikuwa chini. Mzee alizamisha mkono mwenyewe kabla sijamwambia, kiganja kikapotea sentimita chache kabla ya kiwiko, akanitazama kama mwanafunzi anayengoja alama. Nilimwambia apunguze kidogo tena kopo la jioni.