Je, wajua kwa nini mlango wa Bagamoyo una sheria yake?

Ukipita Mtaa wa India, katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, simama mbele ya mlango mmoja wa kale wa kuchonga uutazame kwa karibu. Miimo yake miwili imejaa nakshi ya mnyororo inayopanda hadi kwenye kizingiti cha juu, katikati umesimama mfaa unaofunika pale pande mbili zinapokutana, na riza, yaani mnyororo wa chuma wa kufungia, ingali inaning'inia karibu na tumbuu yake, kile chuma inamofungwa. Mwenye nyumba huenda ameurithi kwa babu yake na kuutunza kwa fedha zake mwenyewe, lakini hana ruhusa ya kuung'oa akamuuzia mgeni wa kuusafirisha ng'ambo bila kibali cha serikali.

Jibu limo katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo huhesabu kuwa kumbukumbu ya kale kitu au jengo lililotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kama ingeishia hapo, Bagamoyo ingepoteza mengi, kwa sababu nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo zilijengwa baadaye, wakati misafara ya pembe za ndovu kutoka bara ilipokuwa ikiujaza mji huu fedha na wafanyabiashara. Ndiyo maana naona busara kubwa katika kifungu kinachoitaja milango peke yake: mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, ni kitu kinacholindwa. Si kawaida sheria ya nchi kuingia hadi kwenye fremu ya mlango, na mimi nafurahi kwamba ya kwetu iliingia.

Hata hivyo, kilicholindwa hapo ni mbao yenyewe. Ujuzi uliouchonga mlango huo ni jambo jingine: namna ya kuchagua mti usioliwa na mchwa, namna ya kuishika patasi ili ua la nakshi lisipasuke ukingoni, mpangilio wa nakshi ambao kijana huupata kwa kukaa miaka kando ya fundi. Mlango mpya uliochongwa mwaka huu kwa ujuzi uleule hauguswi na kifungu hicho.

Hakimiliki ya kawaida nayo haifiki huko. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini nani alikuwa wa kwanza kuchonga ule mnyororo? Hakuna anayejua, na hata angejulikana, muda wake ungekuwa umekwisha zamani. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, pia hutolewa kwa uvumbuzi mpya, ilhali thamani ya ujuzi huu ni kwamba umerithishwa kwa vizazi.

Pengo hilo sheria ya 1999 ilijaribu kuliziba kwa sehemu maalumu inayohusu sanaa za jadi. Anayetaka kuzitumia nje ya mazingira yake ya asili, kwa nia ya kupata faida, anatakiwa kwanza kupata idhini. Matumizi ya kufundishia yameachwa huru, na vilevile msanii anayeazima jadi ili kubuni kazi yake mwenyewe. Mwanya huu wa pili ni wa haki, kwani bila huo sanaa yenyewe ingekufa, lakini ndimo anamoweza kupita hata mwenye kiwanda cha mbali anayezidisha nakshi ya Bagamoyo kwa mashine na kudai kwamba ameibuni upya.

Kuna na ugumu wa mipaka, kwa kuwa nakshi za pwani hii zimesafiri kwa majahazi kati ya Bagamoyo, Unguja, Lamu na bandari za Uhindi na Uarabuni, na sheria ya nchi moja haivuki bahari. Mwaka 2010, huko Swakopmund nchini Namibia, nchi za shirika la miliki bunifu la kanda, ARIPO, zilipitisha itifaki inayoutambua ujuzi wa jadi kuwa mali ya jamii iliyoutunza, na inayoelekeza cha kufanya pale jamii za nchi zaidi ya moja zinapokuwa na ujuzi mmoja. Kwa mchongaji wa pwani, hiyo ndiyo hati inayokaribia zaidi hali yake halisi: ua alilofundishwa na babu yake si lake peke yake, wala si la yeyote anayepita na kulipiga picha.