Picha ya 3D hailindi neva: dhana potofu kuhusu gego la mwisho

Wiki hii nimeisikia tena, mara mbili kwa siku moja, ile dhana kwamba eksirei ya 3D kabla ya kung'oa gego la mwisho huilinda neva. Wa kwanza aliketi kitini akanionyesha kwenye simu eksirei yake, aliyoipiga picha kutoka kwenye kompyuta ya kliniki nyingine. "Daktari, niandikie ile ya 3D. Nasikia ukipiga ile, neva haiguswi." Wa pili alikuja nayo tayari na alikuwa ameshatulia kabisa, kwamba hatari imeondoka, kilichobaki ni kung'oa tu. Nililazimika kumwambia kwamba hatari yake iko palepale ilipokuwa kabla hajaingia kwenye mashine.

Tuanze na neva yenyewe. Ndani ya taya la chini, kila upande, kuna mfereji unaopita chini ya magego, na ndani yake mna neva pamoja na mishipa ya damu. Neva hiyo ndiyo inayoleta hisia za meno ya chini, za mdomo wa chini na za kidevu kwa upande wake. Mizizi ya gego la mwisho, lile wengine wanaloliita jino la hekima, mara nyingi huukaribia mfereji huo, wakati mwingine huugusa, na mara chache huukumbatia. Nimewahi kutoa gego ambalo mzizi wake ulikuwa na mfuo mwembamba, kama alama ya uzi uliokazwa kwenye nta. Neva ilikuwa imepita humo miaka yote jino lilipokuwa likikua. Hakuna picha ambayo ingebadilisha umbo la mzizi ule.

Panorama, ile eksirei inayoonyesha taya zote kwa mkupuo, ni picha bapa. Simama kati ya taa na ukuta, weka kidole karibu na ukuta na kalamu mbali nao. Ukutani utaona vivuli vimekatana, ilhali kidole na kalamu havijagusana. Ndivyo mzizi na mfereji vinavyoonekana kwenye panorama. Tena panorama hukuza vitu, kwa hiyo anayeweka rula juu yake na kukuambia "imebaki milimita moja" anakupa namba isiyo na msingi.

Hata hivyo siidharau, kwani ndiyo ninayoanza nayo karibu kila mara. Mwaka 1990 watafiti Rood na Shehab walieleza alama saba za panorama zinazoashiria kwamba mzizi na neva vimekaribiana, na tatu kati ya hizo ndizo zenye uzito zaidi: mzizi kuwa mweusi pale unapokutana na mfereji, ule mstari mweupe wa ukuta wa mfereji kukatika, na mfereji wenyewe kupinda ghafla kana kwamba umesukumwa. Nisipoziona, huwa na utulivu mkubwa. Nikiziona, najua natakiwa kufikiri zaidi, ingawa hata hapo wengi hung'olewa na neva isidhurike.

Hapo ndipo CBCT, yaani hiyo 3D, inapopata kazi. Inaniambia mfereji umepita upande wa shavu, upande wa ulimi, chini ya mizizi au katikati yake, na kama ukuta wa mfupa unaotenganisha mzizi na neva bado upo. Mfereji uliopita upande wa ulimi au katikati ya mizizi hunitia wasiwasi zaidi. Ni habari nzuri kuwa nayo. Lakini kuna majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa kura, baadhi wakapigwa panorama pekee na wengine CBCT, kisha wote wakafanyiwa upasuaji. Majeraha ya neva katika kundi la CBCT hayakuwa machache kuliko ya kundi la panorama.

Watu hushangaa wakisikia hivyo, na mimi nashangaa kwa nini wanashangaa. Neva huumia mzizi unapoikandamiza wakati jino linazungushwa kutoka, keekee ya kukatia mfupa inapozama kupita kiasi, au damu na uvimbe vinapoibana ndani ya mfereji. Ukishajua kwamba mzizi umekaa juu ya neva, na ukaamua kuung'oa, bado ni lazima uuondoe juu ya neva. Njia ya kutokea ni ileile.

Na kuna neva ya pili ambayo karibu hakuna mgonjwa anayeniuliza habari zake. Neva ya ulimi haipiti ndani ya mfereji wa mfupa. Inapita kwenye nyama laini ubavuni mwa taya, upande wa ndani, na kwa baadhi ya watu iko juu kiasi cha kulingana na ukingo wa mfupa nyuma ya gego. Panorama haiioni, wala CBCT haiioni. Ikikatwa, nusu ya ulimi hupoteza hisia na sehemu ya ladha. Inalindwa na mahali daktari anapokata fizi, na nidhamu ya kutopitisha keekee hadi upande wa pili wa ukuta wa ndani wa taya. Basi ukiwa na muda wa swali moja tu kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, usiulizie mashine. Muulize daktari: "Kwa jino langu, mpango wako ni upi, na kwa nini?"

Kwa hiyo CBCT naiagiza kwa sharti moja: jibu lake liweze kubadilisha nitakachofanya. Yaani niweze kuamua kung'oa, kuliacha jino, au kukata kichwa chake tu na kuiacha mizizi. Hili la mwisho wagonjwa wengi hawajalisikia, nami ni mtetezi wake mkubwa. Kichwa cha jino ndicho kinachosumbua, kwa kuwa ndicho kinachokwama kwenye fizi, kukusanya uchafu na kuoza. Ukikikata chini ya usawa wa mfupa na kushona fizi juu yake, mizizi iliyo hai na isiyo na maambukizi kwa kawaida hukaa salama ndani, na uwezekano wa kuigusa neva hupungua. Mizizi hiyo inaweza kusogea juu polepole, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, na mara chache hulazimu kuitoa baadaye, ila mara nyingi kufikia wakati huo imeshaachana na neva. Haifai kwa jino lililooza hadi ndani au mizizi iliyolegea, na mizizi ikicheza mkononi mwangu katikati ya kazi, ni lazima itoke. Haya ndiyo mazungumzo ambayo picha nzuri inapaswa kuyaanzisha.

Ombi langu jingine ni kwamba uje na faili halisi la eksirei yako. Picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu hupoteza ule mstari mweupe niliousema, na bila huo tunaanza upya na mionzi upya.

Tukigusa mionzi: kuna wanaokataa hata panorama wakiogopa saratani. Panorama moja ni takriban mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku chache akiwa nyumbani kwake. CBCT hutofautiana mno kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa, na inaweza kuzidi panorama mara nyingi, ndiyo maana nikiiagiza naomba eneo dogo la jino husika, si kichwa kizima. Hofu ya panorama haina sababu, na vilevile hakuna sababu ya kupiga CBCT kwa kila mtu "ili tuwe na uhakika".

Dhana nyingine ninazozisikia: "Neva ikiguswa mdomo utapinda." Hapana. Neva ya taya la chini niliyoieleza huleta hisia, haiuchezeshi mdomo. Uso unachezeshwa na neva nyingine kabisa, inayopita mbele ya sikio. Ikijeruhiwa hii yetu, utahisi ganzi, michomo ya sindano au maumivu ya kuunguza, na huenda ukajing'ata bila kujua, lakini kwenye kioo uso wako utakuwa uleule. Mara chache dawa ya ganzi hupotea njia ikaifikia neva ya uso, na jicho likashindwa kufumba kwa saa chache. Dawa ikiisha, hali hiyo nayo huisha.

Jino la juu kupofusha macho? Uoni hubebwa na neva ya pili ya kichwa, meno yanahudumiwa na ya tano. Sina la kuongeza hapo.

"Ling'olewe mapema hata kama halisumbui." Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2000 wa kutong'oa magego ya mwisho yaliyokwama yasiyo na ugonjwa, na wapo wataalamu wanaoupinga. Ni kweli kwamba kadiri umri unavyosonga mfupa hukomaa na upasuaji huwa mgumu. Lakini hatari ya kuumiza neva siibebi kwa ajili ya jino ambalo halijafanya kosa, nisipoona dalili kwamba litafanya. Hilo nalifuatilia.

Kuna moja linalodhuru kuliko yote niliyoyataja: "Ganzi itaisha yenyewe, wewe subiri." Ganzi ya sindano ya kawaida huisha ndani ya saa chache, na zile dawa za muda mrefu huweza kuchukua nusu siku au zaidi kidogo. Kukipambazuka kesho yake mdomo au ulimi bado umekufa ganzi, piga simu asubuhi hiyohiyo. Daktari apime kwa pamba na kwa ncha kali, achore kwa kalamu kwenye ngozi mahali ganzi inapoishia, apige picha na kuandika tarehe. Kama kipande cha mzizi kinaikandamiza neva, kukitoa mapema kuna maana kubwa. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi, na wanaobaki na ganzi ya kudumu mdomoni kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 100. Ila miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote ya kurudi, unatakiwa uwe umeshaonana na mtaalamu wa upasuaji wa neva za uso.

Mwanamke mmoja alinijia akiwa amesubiri mwaka mzima kwa sababu aliyemng'oa alimwambia angoje. Nilichora mpaka wa ganzi yake. Ulianzia pembe ya mdomo ukateremka hadi katikati ya kidevu. Kwenye kadi yake hapakuwa na kipimo hata kimoja cha siku za mwanzo cha kulinganisha nao.