Hao wadudu wako watano ni bilioni moja

Jana kaka mmoja karudi dirishani kwangu maabara na karatasi ya majibu ya malaria, kaikunja mara nne. "Dada, ni watano tu. Si dawa nigawane na mdogo wangu? Naye ana homa." Sikumjibu vizuri, nakiri, maana wiki hii nilishaulizwa hivyo mara nne. Na kuna wale wa upande wa pili: akiandikiwa 80 anaanza kuaga ndugu.

Watano kati ya nini? Karatasi imeandikwa "5/200 WBC", yaani wadudu watano kwa chembe nyeupe 200 za damu, ila kila mtu anasoma 5 na kuishia hapo. Kwenye tone nene, yaani tone la damu lililopakwa kwa unene kwenye kioo, hatuwahesabu wadudu wote waliomo mwilini mwako. Jicho kwenye hadubini, lenzi ya 100 imegusa mafuta, vidole viwili kwenye kaunta: hiki kinabonyeza mdudu, hiki chembe nyeupe. Nyeupe zikifika 200, tunasimama. Mwongozo unataka wadudu wasipofika 100 tuendelee hadi nyeupe 500. Asubuhi ya Jumatatu, foleni imefika getini, wengi tunaishia 200. Tusidanganyane.

Sasa piga hesabu. Tunachukulia mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita moja ya damu. Hiyo ni mara 40 ya zile 200, kwa hiyo watano mara 40 ni wadudu 200 kwa mikrolita. Mtu mzima ana damu kama lita tano, yaani mikrolita milioni tano. Zidisha. Bilioni moja. Na hao ni wanaozunguka tu. Falciparum, aina hatari ya mdudu wa malaria, akikomaa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ndani, huko sindano yangu ya kidoleni haimfikii.

Hiyo 8,000 yenyewe ni ya kukadiria. Hatukupima chembe nyeupe zako. Mtoto anaweza kuwa nazo 12,000, mgonjwa wa malaria zikashuka hadi 4,000, na hapo jibu langu limepotoka kwa nusu nzima huku nimehesabu bila kosa hata moja. Tone nene nalo huoshwa likipakwa Giemsa, rangi ya kuwaonyesha wadudu, wadudu wengine wakaenda na maji. Wangapi? Slaidi haisemi.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaolinganisha. "Juzi kituo kile walisema watatu, nyie leo saba, malaria imepanda!" Haijapanda. Idadi ndogo hivyo inayumba yenyewe. Niliwahi kusoma slaidi moja asubuhi nikapata 4, jioni nikairudia bila kujua ni ileile, nikapata 9. Nililala vibaya, lakini sikukosea: nilitazama sehemu nyingine ya tone, basi.

Na zile alama za kujumlisha, "malaria moja", "malaria mbili", ni alama za + zilizogeuzwa idadi ya magonjwa. Plasi moja ni wadudu 1 hadi 10 katika nyuga 100 za hadubini, uga ni eneo unaloliona kwa mtazamo mmoja. Mbili, 11 hadi 100. Hakuna mtu mwenye malaria mbili. Kipimo cha haraka, kile cha mstari, hakihesabu kabisa, mstari ukikolea si kwamba wamezidi kiasi fulani, na unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya kupona. Wadudu wa umbo la ndizi, wale wanaosubiri kunyonywa na mbu, tunawaandika pembeni; si wao wanaokutia homa.

Wachache au wengi, dozi ya mseto ni kwa uzito wako na inamalizwa siku tatu. Idadi inamsaidia daktari kujua hali ni mbaya kiasi gani na kama dawa inafanya kazi. Na hata hapo, kuna watu wazima wenye maelfu wanaolima kutwa nzima, na mtoto mwenye mia chache aliyezimia. Sijui nikuambie nini kuhusu hilo zaidi ya kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Yule kaka nilimgeuzia karatasi, nikamwandikia 1 na sifuri tisa. Akazifuata kwa kidole hadi ya mwisho, akaniangalia kwa huruma.

"Pole dada. Hao wote umewahesabu wewe?"