Kisu cha kukunja: maneno ya dukani na majibu ya chumvi

Muuzaji wa soko la Darajani, mjini Unguja, akikuonesha kisu cha kukunja hana maneno mengi. Anakifungua kwa kidole gumba, kinalia "tak", anakifunga, anakifungua tena, kisha anakutia mkononi. Wengi hukipima kwa huo mlio, kwa uzito wake na kwa maandishi yaliyochongwa ubavuni, wakatoa pesa. Vigezo vyote vitatu vinadanganya, na hapa visiwani vinadanganya zaidi, kwa sababu hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Yanayofuata ni maneno yanayosikika sana juu ya visu hivi, na chini ya kila moja kuna jibu lake.

"Hiki stenlesi bwana, hakishiki kutu"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowatia hasara watu wa Malindi, Nungwi na Wesha.

Chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hushikana na oksijeni ya hewani na kutandaza utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Huo utando ndio kinga yenyewe. Ukikwaruzwa hujirudi, mradi hewa inaufikia. Adui yake ni kloridi, na kloridi ndiyo imejaa kwenye chumvi ya bahari. Hutoboa utando mahali padogo padogo, kisha kutu huchimba kwenda chini badala ya kusambaa juu. Ndiyo maana kisu cha stenlesi kilichosahauliwa ndani ya ngalawa hukikuti chekundu chote. Unakuta vidoa vya rangi ya chungwa kando ya bawaba na ndani ya herufi zile zile zinazosema hakishiki kutu. Ukivisugua vinaondoka, vinabaki vishimo kama vya ncha ya sindano.

Tena ubapa peke yake si kisu. Ndani mna springi, washa, skrubu na ribiti, na kwenye visu vya bei rahisi vitu hivyo mara nyingi ni vya chuma duni kuliko ubapa. Maji ya bahari yakishaingia kwenye bawaba hayafikiwi na jua wala upepo. Yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa usiku. Kisu kinaanza kufunguka kwa taabu huku ubapa wake bado unang'ara, na mwenyewe analaumu springi.

Na stenlesi hazilingani. Chuma cha 440A kina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, cha 440C kinafika 0.95 hadi 1.2. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu wa kushika makali, lakini hujifungia sehemu ya kromiamu ambayo ingefanya kazi ya kukinga kutu. Kwa hiyo 440C hukaa na makali muda mrefu zaidi, na 440A huvumilia chumvi zaidi. Kisu kilichoandikwa "440" bila herufi hakijakwambia kitu. Zipo aina zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari hasa, kama H1, ambayo sehemu kubwa ya kaboni imepishwa na nitrojeni. Kampuni ya Spyderco ya Marekani iliitumia kwenye visu vyake vya Salt. Hivyo kweli huvumilia bahari, lakini bei yake si ya kubahatisha, na kisu cha kwenye chombo huangukia majini siku yoyote.

Kwa visu vya kawaida, dawa ni moja: ukitoka pwani kifungue, kisuuze kwa maji ya bomba, kikung'ute, kifute, ukiache wazi kwenye upepo. Kukifunga kibichi na kukirudisha mfukoni ni kukipikia kutu.

"Mafuta ya nazi yanatosha"

Kwenye ubapa, sina ugomvi nayo. Kwa joto letu hayagandi, na kisu kitakachomenya embe kesho bora kipakwe kitu kinacholika. Tatizo ni bawaba. Mafuta ya kula, ya nazi au ya alizeti, yakikaa ndani yakashikana na vumbi la mfukoni hugeuka ulimbo. Bawaba inataka tone moja la mafuta ya cherehani, yale ya kichupa kidogo ambayo kila fundi cherehani anayo. Tone moja, si mkondo. Yakizidi yanakusanya mchanga.

"Kikiingia weusi kimekwisha"

Kuna visu vya chuma cha kaboni ambavyo havijitangazi kuwa stenlesi. Opinel wa Ufaransa ndio mfano unaojulikana zaidi: Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie mwaka 1890, na hadi leo vinatoka vya kaboni na vya stenlesi. Ukikata ndimu, embe bichi au ukwaju kwa kile cha kaboni, ubapa unaingia rangi ya kijivu, kisha bluu, kisha weusi. Watu hukirudisha dukani, ati kimeoza. Weusi ule ni tabaka lililoshikamana na chuma na huzuia kidogo kutu nyekundu isiingie. Panga la nyumbani lina weusi huo huo na hakuna anayelilalamikia. Cha kuogopa ni wekundu unaotoka kwenye kitambaa ukipangusa.

Ila kwa Unguja na Pemba, kasoro ya Opinel haiko kwenye chuma, iko kwenye mti. Mpini wake wa kawaida ni wa mbao, na masika ikiingia mbao hunywa unyevu, zikavimba na kuubana ubapa ndani. Utavunja kucha. Wenyewe Savoie wana mbinu yao: gonga kisigino cha mpini kwenye meza au jiwe, ubapa unachomoza kiasi cha kushikika. Mbinu ni nzuri, lakini mtu aliyeshika mshipi kwa mkono mmoja hana pa kugongea. Kwa kazi za kwenye chombo ningechukua mpini wa plastiki, sura yake iwe itakavyokuwa.

"Kikishalia tak, hakiwezi kukufungia vidole"

Mlio unatokana na springi, na springi si loki. Visu vyekundu vya Uswisi vya ukubwa wa kawaida, ukoo wa kile kisu cha maofisa alichokisajili Karl Elsener mwaka 1897, vina mlio mzuri sana na havina loki hata kidogo. Ubapa unashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Ukikata kwa upande wa makali hakuna shida. Ukichoma kwa ncha, au ukibonyeza mgongo wa ubapa, kinajikunja juu ya vidole vyako.

Vyenye loki navyo vinatofautiana. Opinel vingi tangu 1955 vina pete ya chuma unayoizungusha kwa mkono. Usipoizungusha, hakuna loki. Vingi vya Darajani vina bamba jembamba ndani ya mpini linaloruka na kuegemea kisigino cha ubapa. Muundo huo uliboreshwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaigwa dunia nzima, vizuri na vibaya. Kabla ya kulipa, fungua kisu taratibu bila mbwembwe na utazame ndani. Bamba likiwa limeshika ukingo tu wa kisigino, au likiwa limevuka hadi ubavu wa pili ilhali kisu ni kipya, kirudishe. Kisha shika mpini, tikisa ubapa kushoto na kulia, juu na chini. Kikicheza mkononi mwa muuzaji, kitacheza zaidi mkononi mwako.

Hata loki nzuri huzuiwa na magamba ya samaki na mchanga. Na loki haikuwekwa ili ubandue chaza au utoboe dafu. Dafu lina panga lake.

"Kizito na kinene ndicho kisu"

Mtazame muuza machungwa wa Mwanakwerekwe. Kisu chake ni chepesi, chembamba, kimenolewa hata kimepungua upana. Chungwa linazunguka kwenye vidole vya mkono mmoja, kisu hakiendi mbali, ganda la juu linatoka utepe mmoja mrefu na weupe unabaki mzima bila tone la maji. Halafu anakata kichwa, anakupa unyonye. Mpe kisu cha kukunja chenye mgongo wa milimita 4, kile cheusi cha sura ya kijeshi, kikiwa kimetoka kunolewa. Kitapasua chungwa badala ya kulimenya. Mgongo wa Opinel namba 8, wenye ubapa wa sentimita 8.5, haufiki milimita 2, na kazi hiyo unaiweza.

Ugumu wa chuma nao hutukuzwa kupita kiasi. Victorinox, watengenezaji wa vile visu vyekundu vya Uswisi, hufanya visu vyake kwa ugumu wa kama 56 kwenye kipimo cha Rockwell, chini ya vingi vinavyosifiwa, na hawakukosea: chuma cha namna hiyo kikibutuka unakirudisha kwa kinoo cha kawaida, au kwa ukingo wa chini wa kikombe cha kaure, pale pasipopakwa rangi ya kung'aa. Chuma kigumu sana kikigonga mfupa wa samaki changu kinaweza kumeguka makali, na kukinoa upya ni kazi ya jioni nzima.

"Mawimbi kwenye ubapa ni damaski"

Tazama mgongo wa kisu. Damaski ya kweli ni matabaka ya chuma yaliyofuliwa pamoja, kwa hiyo mistari hupita hadi mgongoni. Mawimbi yakiishia ubavuni, yamechorwa. Na hata ya kweli haikati zaidi kwa kuwa na mawimbi.

"Kimekata karatasi, kinatosha"

Karatasi inapima fundi aliyekinoa kiwandani. Kujua kisu kipi kinadumu, vishindanishe. Vinoe vyote kwa kinoo kimoja na mkono mmoja, maana makali ya kiwandani hayafanani. Kisha tafuta kamba ya makumbi, ile ya upande wa Paje na Jambiani. Kata kwa kisu cha kwanza, kwa sehemu ile ile ya makali, ukijaribu karatasi kila baada ya mikato kadhaa, hadi karatasi ianze kuchanika badala ya kukatika. Hesabu, kisha fanya hivyo hivyo kwa cha pili. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani kabla ya kupondwa, na chembe zinazobaki ndani ndizo zinazokula makali. Hata kipimo cha kimataifa cha ISO 8442-5 hukatisha visu kadi zilizotiwa asilimia 5 ya kwazi, madini yale yale yaliyojaa kwenye mchanga wa sehemu nyingi duniani. Tofauti ni kwamba wao wana mashine. Wewe angalia vidole.

"Cha kukunja hakichinjii"

Kinachotakiwa ni makali, na dini imehimiza kisu kinolewe kabla, mbali na macho ya mnyama. Kwa kuku, kisu cha kukunja chenye loki na makali sawasawa kinafaa. Usumbufu unakuja baadaye: damu huingia kwenye bawaba, ikigandia humo inanuka na kuleta kutu. Ukichinjia, kisuuze kabla kuku hajaanza kunyonyolewa, kwa maji baridi, kwani ya moto huigandisha damu.