Anavutwa taya, moyo unapunguza mwendo

Mtu akipata ajali ya bodaboda akavunjika mfupa wa shavu, ndugu zake wataniuliza kuhusu jicho, meno, na kama sura itarudi ilivyokuwa. Moyo hauulizwi, na ni haki yao, maana kaumia usoni. Ila mimi daktari wa usingizi hapa Moshi ndio ninauwaza zaidi, hasa dakika ile daktari wa upasuaji anapopitisha chuma chini ya mfupa ili auinue. Mapigo yaliyokuwa 80 yanaweza kushuka hadi 40 kufumba na kufumbua, na presha ikafuata. Hakuna dawa iliyokosewa wala damu iliyomwagika. Ni refleksi ya trijemina na moyo, yaani jibu la mwili linalojitokeza lenyewe neva ya uso ikiguswa.

Trijemina ni neva ya tano ya kichwa, moja kila upande, yenye matawi matatu: la jicho na paji, la taya ya juu, la taya ya chini. Hisia za ngozi ya uso, meno, ndani ya pua na sehemu kubwa ya utando mgumu unaofunika ubongo zinapita humo. Ikivutwa au kuminywa, taarifa inakwenda kwenye shina la ubongo, na humo inakabidhiwa neva ya kumi, vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupunguza mwendo wa moyo. Ndipo mapigo yanashuka. Anayepumua mwenyewe anaweza kuacha kupumua, na tumbo nalo linachafuka.

Mwaka 1908 madaktari wawili, Aschner na Dagnini, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba jicho likibonyezwa mapigo yanapungua. Kwa miaka mingi jambo hili likahesabiwa kuwa la madaktari wa macho. Mwaka 1999 daktari Schaller na wenzake walilionyesha kwa wagonjwa waliotolewa uvimbe jirani na shina la ubongo: kama asilimia 11 yao, mapigo na presha vilishuka kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo ukiigusa neva usoni au ukaigusa ndani kabisa ya fuvu, jibu ni lile lile.

Watoto wanaofanyiwa upasuaji wa makengeza ndio wananikaza macho kwenye mashine. Vagasi yao ina nguvu, na kwa mtoto mdogo mapigo yakishuka, damu inayosukumwa mwilini inapungua palepale. Kwa kweli siangalii sana, nasikiliza. Kipimo cha kidoleni kinalia kwa kila pigo, mlio ukichelewa tu nasema, "Dokta, achia kwanza." Anaachia msuli wa jicho aliokuwa anauvuta, na mara nyingi mlio unarudi wenyewe kabla hata sista hajavunja kichupa cha atropini, dawa ya kupandisha mapigo.

Na huo ndio mpangilio ninaoutetea kila nikikaa na wanafunzi: mkono utoke kwanza, sindano baadaye. Ukichoma atropini huku mwenzako bado anavuta, unashindana naye, tena dawa inahitaji muda wa kufika na kufanya kazi. Mkono ukishatoka, angalia mengine: je, usingizi ni mwepesi mno? Oksijeni imeshuka? Hewa chafu imejaa kwa sababu anapumua kidogo? Yote hayo yanaichochea refleksi. Halothani, dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi, panapotumika, nayo huvuta mapigo chini yenyewe. Ukirekebisha, daktari anaanza tena taratibu, na mara nyingi mvuto wa pili au wa tatu haushtui kama wa kwanza. Ikigoma, hapo atropini, mikrogramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili. Ganzi ikichomwa vizuri kuzunguka neva nayo inasaidia, kwa sababu inaikata taarifa kabla haijafika kwenye ubongo. Wapo wenzangu wanaompa kila mtu atropini mapema. Mimi simpi kila mtu. Sipendi moyo wa mzee ukimbie bila sababu.

Sasa lile linalonikera. Mtoto kaanguka kutoka kwenye mparachichi, au kapigwa kiwiko uwanjani. Analetwa anatapika, kalegea, mapigo yako chini. Jicho ni jeupe, halina damu, halikuvimba. Kila mtu anafikiria ubongo. Anapigwa picha ya kichwa, analazwa, anasubiriwa. Kumbe mfupa mwembamba chini ya jicho ulipinda ukafunguka, kisha ukarudi kama mtego wa panya na kuubana msuli wa jicho. Kila akijaribu kuangalia juu, msuli unavutwa, trijemina inapiga kelele, vagasi inajibu.

Mwambie aangalie dari. Jicho moja litapanda, jingine litabaki chini huku analia kwa maumivu. Pima na presha: ubongo ukibanwa ndani ya fuvu mapigo hushuka lakini presha hupanda, kwenye refleksi hii presha haipandi, na ikibadilika hushuka. Ukiyaona hayo, mpigie daktari wa macho au wa taya siku hiyo hiyo, kwa sababu msuli uliobanwa unakosa damu na kufa, na mtoto atabaki anaona viwili viwili. Picha ya kichwa isiyolenga tundu la jicho inaweza kuupita mpasuko huo bila kuuonyesha.

Kwa watu wazima, swali ninaloomba lisisahaulike ni la dawa wanazomeza kila siku nyumbani. Dawa za presha na moyo kama atenololi, propranololi na verapamili hupunguza mapigo zenyewe, na refleksi ikitokea juu yake moyo unakuwa na nafasi ndogo ya kujitetea. Mzee anayezimeza aseme, hata kama kaja kung'oa jino tu. Asiziache kienyeji asubuhi hiyo, maana kuziacha ghafla nako kuna hatari yake. Aje na pakiti mkononi. Tutajua la kufanya.